Suruali ya Baba Uliyoikata Siku ya Mashujaa

Mpendwa mama yangu, Mayu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata ungekuwepo sijui kama ningeipokea marahaba yako kwa moyo mweupe, maana bado nimekukasirikia. Leo ni tarehe ishirini na tano Julai, Siku ya Mashujaa, nami nimeamka nimefura kama ninavyoamka siku hii kila mwaka tangu utuache. Nimewasha mkaa, nimeujaza kwenye ile pasi yako yenye jogoo, kisha nikasimama nayo katikati ya ua wako hapa Buswelu nikitafuta cha kunyoosha. Sikukiona, kwa sababu ulikikata kwa mkasi.

Suruali ile ndiyo baba niliyekuwa naye. Dada Minza alikuwa na miaka minne baba alipochukuliwa na mgambo wenzake kwenda vita vya Kagera, kwa hiyo yeye anasema anayakumbuka mabega yake. Mimi nilikuwa tumboni. Ulimsindikiza bandarini akapanda meli ya Bukoba, ukarudi nyumbani na tumbo lako, na baada ya miezi kadhaa balozi wa nyumba kumi akaja kukwambia kwamba hatarudi. Mwili hukuuona. Kilichobaki ni suruali ya bugaluu, pana miguuni, ya kitambaa cha tetroni, aliyokuwa ameipeleka kwa fundi ipunguzwe urefu. Fundi alikuletea mwenyewe, ameifunga kwenye gazeti, na hakutaka kukaa hata kunywa maji. Baba hakuwahi kuivaa.

Siku ya Mashujaa wenzetu walikuwa wakisikiliza gwaride redioni. Wewe ulikuwa ukifua suruali. Uliifua kwa sabuni ya mche, ukaianika upande wa barabarani, ukaipiga pasi mpaka mstari wake ukasimama, halafu ukaitundika tena kwenye waya ishinde hapo kutwa. Bi Zuhura alitoka Kirumba na Mama Paulo alitoka Buhongwa, wajane wenzako wa vita hivyohivyo, mkaketi kuielekea na birika la chai, mkaongea mambo yenu mpaka mkacheka. Mimi niliona aibu. Watoto wa jirani walikuwa wakiniuliza kwa nini baba yangu anaanikwa.

Lakini jioni, kabla hujairudisha dirishani ilikotundikwa mwaka mzima, uliniita. "Masanja, njoo tukuone." Ulinishikia kiuno cha suruali tumboni, na miguu yake ikamwagika chini kwenye vumbi, nawe ukapima kwa vidole imebaki kiasi gani. Mwaka hadi mwaka nilimkaribia baba. Nilipofika miaka kumi na sita ilinikaa sawasawa, na nakumbuka ulienda jikoni, ukakaa huko muda mrefu. Nilipofika kumi na tisa ilikuwa fupi kwa vidole vinne. Nilishtuka. Nilikuwa nimemwaza mtu mrefu.

"Baba yako hakuwa mrefu," ulisema. "Alikuwa na sauti tu."

Sauti hiyo ndiyo niliyorithi, na ndiyo inayonilisha. Miaka ishirini na zaidi naita abiria na kukata tiketi stendi ya Buzuruga.

Unakumbuka nilipotaka kuoa? Nilikuomba ufumue ule upindo wa chini ili suruali inifike miguuni niivae kanisani. Fundi alikuwa ameukunja upindo mpana, vidole vinne kamili, kana kwamba alijua. Ulinikatalia mbele ya wajomba zangu. "Upindo huo haufumuliwi," ulisema. "Hapo ndipo baba yako alipoishia." Nilioa na suruali ya kuazima na nikakununia mwezi mzima. Baadaye nilielewa, au nilijifanya nimeelewa.

Sasa nieleze, Mayu. Mtu aliyeninyima nyuzi chache za upindo alipata wapi mkono wa kuishika suruali nzima na kuikatakata?

Corona ilipoingia, mwaka wa kwanza tulijifukiza, tukanywa tangawizi na malimau, tukasema imepita. Mwaka wa pili watu walianza kwenda kimya kimya, na kila msiba niliouhudhuria ulikuwa na jina la kuzunguka: kifua, nimonia, changamoto ya upumuaji. Nilichukia sana maneno yale ya kuzunguka. Wakati huohuo pale stendi mimi mwenyewe niliwacheka waliovaa barakoa, na wenzangu wakacheka nami. Kazi yangu ni mdomo, nilisema. Nani atasikia "Shinyanga, Tabora" kupitia kwenye kitambaa?

Siku ya Mashujaa ya mwaka huo Minza aliwapigia Bi Zuhura na Mama Paulo akawaambia wasije. Mlikuwa wazee, na Mama Paulo alikuwa na kisukari. Nilijua utaumia, ndiyo maana niliaga stendi mapema nije nikae na wewe mbele ya ile suruali, hata kama ni sisi wawili tu. Nilileta na samaki, sato wawili. Nilipokata kona tu nikauona waya mtupu.

Ndani ulikuwa umekaa na cherehani ya Minza. Mezani palikuwa na barakoa za rangi ya majivu, rangi iliyochujwa na jua na sabuni ya miaka arobaini, na pembeni kiuno cha suruali peke yake, vifungo vikiwa bado vimo. Hata salamu sikukupa.

"Umefanya nini?"

"Wenzangu wameshindwa kuja kumwona," ukajibu bila kuacha kushona. "Basi nimemgawa aende kwao. Hii ya Zuhura. Hii ya Mama Paulo. Hizi za watoto. Yako ninaimalizia, wewe una uso mpana."

"Mayu, ile ilikuwa ya baba."

"Na hizi ni za nani?"

Nikasema nilichosema. Nilisema umemuua baba mara ya pili, na kwamba safari hii hatuna wa kumsingizia. Minza alitoka jikoni akaniambia nitoke nje. Wewe hukupandisha sauti, ulikata uzi kwa meno kama kawaida yako.

"Baba yako alipoondoka sikuwa na kitu cha kumpa cha kumkinga," ulisema. "Wewe ninacho. Vaa."

Sikuvaa. Niliwaacha sato juu ya meza, pale penye nyuzi, nikarudi stendi. Niliita abiria siku ile mpaka sauti ikakwaruza. Sikuigusa barakoa ile, hata kuitazama sikuitazama.

Nilikuja tena baada ya wiki mbili, na sikuja kuomba radhi, nisikudanganye. Nilikuja kudai kile kiuno chenye vifungo, nilihisi ni haki yangu. Nilikuwa nakohoa. Ulinitazama juu ya barakoa yako ya majivu ukaniambia nikae mlangoni penye upepo, nami nikasema ni mafua ya vumbi tu, nikaingia, nikakaa karibu yako kwa makusudi, ili ujue sitishwi. Ulinipa kiuno. Ulinichotea na chakula, na ulishusha barakoa ili ule na mimi, kwa sababu mwanao alikuwa amenuna na hukutaka ale peke yake.

Mimi nilipona kwa siku nne. Wewe wiki iliyofuata ulikuwa hospitali na mtungi wa hewa, na sisi nje ya geti. Minza ananiambia labda ugonjwa uliupatia sokoni, labda kanisani, nani ajuaye. Ananisaidia, najua, na hilo nalo linanikasirisha. Nilitaka mtu mmoja anishike shati aseme, Masanja, ni wewe. Hakuna aliyesema. Walisema changamoto ya upumuaji. Walikuzika watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, sisi tumesimama mbali kule, hatukukuosha, hatukukufunua uso, matanga hatukukaa. Mwanamke aliyelalamika miaka arobaini kwamba hakuuona mwili wa mumewe, watoto wake nao hawakuuona wa kwake. Nikiwaza hapo nataka kuvunja kitu.

Nimekasirikia redio inayosema mashujaa, mashujaa, tangu asubuhi, wala haijawahi kuuliza nani alikuwa anafua nguo zao. Nimewakasirikia wote tuliocheka pale stendi. Nimekukasirikia wewe kwa kushusha barakoa siku ile, maana ungeweza kuniambia toka, mimi ni mwanao, ningenuna na kupona kama nilivyozoea. Na mimi mwenyewe sijui nijikasirikie mpaka lini.

Baada ya mazishi Minza alinipa kimfuko cha nailoni chenye jina langu kwa mwandiko wako, zile herufi zako za elimu ya watu wazima. Nilijua ni nini. Nilikitupa chini ya nguo kabatini, na miaka yote hii sikukifungua.

Asubuhi hii, pasi ikiwa imeshapata moto na mimi nimesimama na hasira zangu, Bi Zuhura kapiga simu. Mama Paulo hatunaye tena siku hizi, unajua, mko naye huko. Bi Zuhura yeye bado yupo, anasikia kwa shida.

"Masanja, mimi yangu nimeifua na nimeianika barazani," alisema. "Yako unaianika wapi?"

Nilimdanganya kwamba ipo kwenye waya. Halafu nikaona haya kumdanganya mama wa umri ule, nikaingia ndani nikakifungua kimfuko.

Mayu, haikuwa ya majivu. Nilidhani Minza amekosea mfuko. Ni ya kijani, kijani kibichi cha majani ya mpunga, mpya kabisa, na katikati pana alama za sindano za fundi, mstari mzima wa vitundu vidogo. Nilikaa chini na pasi yangu. Ulifumua upindo. Kile kipande ambacho hakikupata kuona jua, ulichoninyima kanisani, ulikifungua kwa ajili ya uso wangu, na hukukigawa kwa mwingine yeyote. Nimeishi na suruali ile maisha yangu yote na sikujua kwamba ilikuwa ya kijani. Baba aliichagua kijani dukani. Kumbe alikuwa mtu wa namna hiyo.

Na siku ile uliposema vaa, ningeinua macho tu ningeiona.

Nimeipiga pasi. Sikuianika. Leo mabasi yanaondoka kama kawaida na nina zamu, na corona watu wameshaisahau, kwa hiyo najua watanicheka kuanzia getini. Wakiniuliza nitawaambia ni suruali ya baba yangu. Hasira bado ninayo, Mayu, usinisubiri niseme imekwisha.

Lakini nimeivaa. Imenitosha.

Mwanao wa mwisho,
uliyemzaa baba akiwa vitani