Mbwa Wanaolala Chini Wakimwona Sungura

Jumapili, baada ya Alasiri. Mafiga. Manyunyu tangu asubuhi, milima imejifunika yote.

Assalamu alaykum, ndugu zangu mnaonisoma, na nyinyi wa salamu nyingine, habari za siku nyingi? Mko wazima? Wenye wagonjwa ndani, Mwenyezi Mungu awape nafuu. Hapa kwangu tunashukuru. Mke wangu yuko jikoni, binti yetu Zuhura anaanika sare za shule huku analalamika kwamba hazitakauka mpaka kesho, nami nimekaa barazani na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Mwili hauna neno.

Moyo ndio msiniulize.

Nimekasirika. Nimekasirika tangu jana asubuhi, nikalala na hasira hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo msikitini alfajiri na kurudi nayo. Nimeomba msamaha kwa Mola wangu kwa kusali na moyo wa namna hiyo. Sasa naandika, labda itapungua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa baiskeli, elimu yangu darasa la saba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki mwaka jana. Alikuwa mwindaji wa sungura. Msituni hakuingia, kule ni hifadhi na mzee aliuheshimu mpaka. Aliwinda pembezoni mwa mashamba ya watu, huko kwetu mlimani, upande wa Mkuyuni. Maharage yakianza kuliwa, watu walimwita yeye na mbwa wake.

Sisi Waluguru mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake. Mtoto wa kumzaa ni wa ukoo wa mama yake, hata ampende vipi baba. Basi kwenye arobaini wazee walinikabidhi mimi mbwa jike wa mjomba, Hodari, akiwa na mimba, pamoja na kengele ya chuma aliyomvalisha shingoni wakienda kuwinda. Mtoto wake mwenyewe, binamu yangu Selemani, ambaye ndiye aliyekuwa anapanda na kushuka mlima na baba yake miaka yote, hakupewa kitu katika hivyo. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, binamu. Tutaona."

Lile "tutaona" nimeishi nalo mwaka mzima.

Hodari alizaa wawili. Walipofika wiki sita akaumwa na nyoka, akafa. Watoto nikawalea mimi, hapa hapa uani Mafiga. Jike nikamwita Upepo, dume Mshale. Majirani walikunja uso, maana sisi ni Waislamu na mbwa uani si jambo jepesi. Nikaenda kwa imamu wetu. Akanieleza kwa upole kwamba mbwa wa kuwinda au wa kulinda shamba hana ubaya, ila anayefuga bila kazi anajipunguzia thawabu zake siku hadi siku. Na kwamba kiwindwa ni halali kama umemtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kumwachia mbwa, na kama mbwa mwenyewe amefundishwa: ukimtuma anaenda, ukimzuia anasimama, na akikamata hali yeye.

Nikarudi nimefurahi. Nikawaambia majirani wote, hawa ni mbwa wa kazi. Nimelisema hilo mpaka kwa muuza maandazi.

Kazi yenyewe sasa.

Hawataki! Wana mwaka mzima, wana mbavu nzuri, wana miguu mirefu ya mama yao, na hawataki. Nimekimbia nao mpaka magoti yanauma. Kuna siku niliwanyima chakula mchana kutwa nikidhani njaa itawaamsha, na hilo najutia. Nikachukua ngozi ya sungura, mmoja wa wale anaowafuga mke wangu, tuliyemchinja Iddi. Nikaifunga kwenye kamba, nikaiburuta uani kote huku nalia kama sungura aliyebanwa. Zuhura alicheka hadi akakaa chini. Upepo akajificha nyuma ya pipa la maji. Mshale akaenda kulala uvunguni mwa benchi, amefyata mkia.

Mtu mzima naburuta ngozi uani, na mbwa wananionea huruma.

Jamaa mmoja akaniambia wamefungwa, nitafute mganga wa kuwafungua. Nikamwambia mimi nina Mungu mmoja, asinirudie na maneno hayo.

Basi jana, Jumamosi, nikapanda nao kwa mama. Mama yangu ni mzee sasa, anaishi peke yake juu kule, na shamba lake la maharage ndilo linalomlisha, na sisi huku mjini linatulisha pia. Sungura wanalimaliza. Wanakata miche ikiwa laini, wanaacha vijiti. Mama ndiye mkubwa wa ukoo baada ya mjomba kuondoka, kwa hiyo akisema limesemwa. Na Selemani, kama kawaida yake, alikuwa ameshafika kabla yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewaleta?"

Kabla sijajibu, Selemani akadakia: "Amewaleta, shangazi. Tazama walivyonona. Hawa ni mbwa au wageni wa harusi?"

Mabinamu kwetu ni watani, ana haki ya kunitania, nami nilicheka. Nilicheka kwa meno tu.

Umande ulikuwa bado haujakauka. Mama akawa anagonga debe upande wa juu, Selemani upande wa mgombani, mimi chini na mbwa wangu. Nikasema Bismillah, nikawaachia. Kengele ya mjomba ikalia shingoni kwa Upepo, na wallahi, kwa dakika moja nilimwona mzee wangu anatembea kwenye lile shamba. Macho yalinilowa.

Akatoka sungura. Hakuwa mbali, hatua tano hivi, katikati ya tuta. Upepo akamfikia. Naye sungura akaduwaa, akabaki amekaa na masikio juu. Nikapiga kelele, "Kamata!" huku nimenyanyua fimbo juu kumwonyesha njia.

Upepo akalala chini. Akalaza kichwa kwenye udongo, akageuza uso pembeni kabisa asimwone yule sungura, akanitazama mimi. Mshale kufika, naye akalala hivyo hivyo ubavuni kwa dada yake.

Sungura akajikuna sikio. Akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka msikitini.

"Binamu!" Selemani alikuwa ameshika mgomba asianguke kwa kucheka. "Hao wamefunga swaumu? Waambie jua limeshazama, wafuturu!"

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kunitia aibu. Nilimpiga Upepo. Kwa ile fimbo, mara tatu, mbele ya mama yangu. Hakukimbia wala hakulia. Alizidi kujibana na ardhi tu, kama anayejua kabisa kwa nini anapigwa.

"Mpige tena, labda ataota mbio," akasema Selemani. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika, hakuwa anacheka tena.

Mama akaweka debe chini. "Rajabu, acha." Nikaacha. "Kaka yangu hakuwahi kumpiga mbwa shambani. Mimi nataka maharage, mwanangu, sitaki vituko. Jumamosi ijayo uje nao tena. Wasipofukuza kitu, Selemani awachukue na kengele ya baba yake. Watoke kwenye ukoo, basi, lakini wafanye kazi."

Kwa hiyo nina siku sita.

Nilishuka mlima nimetangulia, mbwa nyuma yangu. Niliwakasirikia mbwa, kwamba nimewalea kwa mkono wangu na wamenivua nguo mbele ya watu. Nikamkasirikia Selemani na kicheko chake. Nikamkasirikia hata mama, Mungu anisamehe, kwa kusema vile mbele ya Selemani. Nilipofika nyumbani nikamfokea Zuhura kwa sababu ya ndoo iliyokuwa njiani. Ndoo iliniudhi nini?

Lakini haya yote ni ya jana. Hasira ya leo ni nyingine, na ndiyo iliyonikalisha hapa.

Leo baada ya Adhuhuri mke wangu alifungua banda la sungura wake kuwapa majani. Wale weupe, anao kama kumi na mbili, banda liko ukutani pale pale ambapo mbwa wanalala. Mmoja akaponyoka. Akaruka uani, akapita mbele ya pua ya Mshale, karibu kiasi cha shubiri.

Mshale akalala chini. Kichwa udongoni, uso pembeni, macho kwangu.

Sawasawa na jana. Sawasawa kabisa.

Mke wangu wala hakushtuka. Akamwokota sungura wake kwa masikio na mgongo, akasema, "Ndiyo hivyo, Mshale, mbwa mwenye adabu." Halafu akanigeukia: "Baba Zuhura, mimi sikuelewi unapolalamika kuhusu hawa mbwa. Si wewe mwenyewe uliyewafundisha?"

Akaenda zake jikoni. Nikabaki nimesimama kwenye manyunyu, nautazama ule ufito ulioning'inia kwenye msumari wa banda. Niliukata mimi. Niliuning'iniza mimi.

Jamani, nikumbuke vizuri, nisijitetee. Walipokuwa na miezi miwili Upepo alichomeka pua kwenye wavu wa banda. Nikampiga ufito. Siku ya pili Mshale. Walipiga kelele, mke wangu akafurahi kwamba sungura wake wana mlinzi. Kila pua ilipogusa wavu, ufito. Kila mmoja alipomtazama sungura kwa muda mrefu, ufito. Miezi mitatu, minne, hadi ikawa nikiugusa tu ule ufito wanalala chini wenyewe na kugeuza uso. Nikajisifu! Nilimwambia imamu, mbwa wangu wana utii wa ajabu.

Na si sungura tu. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa kuogopa usumbufu huo, humu ndani tuliwapigia kelele tangu wadogo: Toka! Usiguse! Ndoo, usiguse. Mkeka, usiguse. Kanzu yangu, usiguse. Mkono wangu, usiguse. Hawajawahi kuweka mdomo kwenye kitu chochote katika dunia hii bila kufokewa, isipokuwa sahani yao. Kisha nawapeleka mlimani, nanyanyua fimbo juu, nawaambia kamata.

Yule mbwa jana aliona sungura, akaona fimbo. Akafanya kila nilichomfundisha, bila kukosea hata kidogo. Nami nikampiga kwa kulifanya.

Wamefundishika kuliko mimi. Hiyo ndiyo hasira yangu, na sina wa kumpelekea. Mbwa hawana kosa. Selemani hana kosa, ingawa kuiandika sentensi hiyo kumeniumiza kidole. Afadhali ingekuwa uvivu, ningewakemea. Afadhali wangekuwa wajinga.

Nilimpigia simu mama, nikamweleza yote. Nilisikia akiwafukuza kuku wake. Akasema, "Bora umejua." Nikamwomba aniongezee wiki mbili. Akasema, "Sungura hawataniongezea, Rajabu. Jumamosi ni Jumamosi."

Ufito nimeuvunja, mke wangu ameutia jikoni. Banda la sungura Zuhura amenisaidia kulihamishia upande wa chooni, wasikoonana. Mama Zuhura amenuna kidogo, atapoa.

Kisha nimekaa hapa barazani, nimenyoosha mkono mtupu, chini, kiganja wazi. Nimemwita Upepo. Amekuja. Amesimama umbali wa shubiri mbili, pua inacheza, anautaka mkono na anauogopa. Amenitazama usoni. Sijamfokea. Amerudi nyuma, amelala. Nimenyoosha tena. Tangu nianze kuandika nimefanya hivyo mara nyingi, naandika kwa mkono mmoja, mniwie radhi kwa makosa. Kando yangu nimeweka ndoo ya maji na kopo la udongo mkavu. Akinigusa nitaosha mara saba, wala sitajali, nitaosha hata mara sabini.

Bado hajagusa.

Najua yuko mtu anayejua namna ya kumrudishia mbwa moyo. Alikua nao, aliona baba yake akiwalea tangu hawajafumbua macho. Anaishi nusu saa kutoka kwa mama. Lakini nimwendee Selemani, nimwambie, binamu, nifundishe? Nikimaliza Magharibi huwa naomba dua ndefu, leo nitaliweka na hilo.

Kwa sasa nawaomba nyinyi kwanza. Aliyewahi kulea mbwa aliyetishwa akaja kuwinda, aniambie alianzaje, asinifiche hata dogo. Yule ndugu wa Turiani aliyeniandikia mwezi uliopita kuhusu mbwa wake wa shamba la mpunga, uko wapi? Nijibuni mapema, tafadhali. Ikifika Alhamisi sina jibu lenu, nitapanda mlima kumpigia hodi Selemani, na nitakwenda bila fimbo.