Tundu la Nne la Simu ya Chwaka

Bi Salma, mwalimu wangu,

Leo nina furaha kubwa, na wa kumwambia ni wewe, uliyenifundisha kukaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu hapa mjini.

Unaikumbuka adha ya Chwaka. Karani wa ghala la kule akianza kutusomea taarifa ya mchele, neno kwa neno, asubuhi nzima hapiti mtu. Mkunga wa huko anataka gari ya hospitali, anasubiri. Sisi tunahamisha plagi kwenye matundu ya Chwaka, la kwanza, la pili, la tatu, tukidhani moja litakuwa wazi. "Jaribu jingine, mwanangu," ukiniambia, nami nikijaribu, na kila tundu namkuta karani yuleyule na magunia yake.

Tulikuwa tukijichosha bure! Ulipokwisha kututoka, fundi aliufungua ubao kwa nyuma, nikachungulia. Matundu yale matatu yote yanaishia kwenye waya mmoja. Tungehamisha plagi mpaka magharibi, waya ni uleule na karani yumo. Tundu la nne, lile lililozibwa kwa kitambaa kungojea simu za wakubwa, ndilo lenye waya wake peke yake mpaka Chwaka.

Nikamng'ang'ania mkuu wetu ampe mkunga tundu hilo. Akasema wakubwa wakipiga wakakuta lina mtu, atanifukuza kazi. Nikakubali, na fundi akauunga waya huo na simu ya mkunga. Ungenicheka, mimi niliyekuwa nikiogopa hata kukuomba ruhusa ya kwenda kunywa chai.

Leo asubuhi, karani yumo katikati ya taarifa yake, kengele ya tundu la nne ikalia. Mkunga. Mzazi anatokwa na damu nyingi, gari inatakiwa sasa hivi. Nikamuunganisha na hospitali papo hapo, na karani hakukatwa hata neno. Bi Salma, nilitamani nipige kelele ofisini.

Alasiri mkunga akanipigia kutoka hospitali, alikomsindikiza mgonjwa wake. "Mama hajambo, mtoto hajambo," akasema. "Mwambie Bi Salma, leo simu haikunikawiza."

Hajui. Hakuna aliyempelekea habari zako. Nilitaka kumweleza, lakini nikajibu tu, "Naam, nitamwambia."

Basi nimekwambia. Mola akulaze pema, mwalimu wangu. Tundu hilo halitazibwa tena, maadamu mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako.

Mwanafunzi wako,
Mwanaisha