Mama Mkwe na Mitungi Minne ya Stoo

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amefika! Amekuja kumwona mjukuu, ila mtoto alikuwa amelala, basi akasema nimpeleke akalione hilo duka linalotulisha. Miaka thelathini na mmoja alitunza matangi ya mvuke kwenye kiwanda cha sabuni. Miwani ya kuzamia hakuitazama, wala mapezi. Moja kwa moja stoo — kwenye mitungi yetu minne ya akiba, mirefu kunipita, imejaa hewa iliyoshindiliwa. Kutoka humo tunajazia mitungi midogo ya wapiga mbizi. Akaweka kiganja juu ya mmoja, kama anayempima mtoto homa.
"Hii ilipimwa lini, mwanangu?"
"Juzijuzi tu, mama."
Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 5 Machi
Karudi na kitambaa na kisu butu. Akakwangua rangi shingoni mwa mtungi mpaka mhuri wa kipimo ukatokea. Miaka kumi na mmoja iliyopita! Pumzi, mjazaji wetu, alikuwa amesimama palepale. Mama akaifunika tarehe kwa kiganja, akamtuma maji ya kunywa. Tukabaki wawili.
"Juzijuzi ya kwenu ndefu," akasema.
Alinisitiri. Mwingine angenivua nguo mbele ya mfanyakazi wangu.
Baadaye akanieleza taratibu. Tairi la gari lina shinikizo la baa mbili na ushee. Hapa ni mia tatu. "Neno lenyewe linakuambia, mwanangu — baa." Nikacheka. Yeye akatabasamu nusu tu. Tangi likipasuka, anasema, halimtafuti mwenye kosa.

Jumatano, 6 Machi
Anataka tutoe hewa yote, mitungi ipelekwe kupimwa. Jumapili nina kundi la wapiga mbizi ishirini! Nikamwambia kwa adabu zote tusubiri wiki ijayo.
"Sawa. Mimi mgeni."
Akatoka. Nikadhani yameisha. Kidogo nasikia vishindo kwa jirani. Nyuma ya ukuta wa stoo ni chumba cha mafundi cherehani, akina mama sita. Nachungulia — mama mkwe ameshika upande mmoja wa meza ya cherehani, wanazihamishia barazani. Miaka sitini na saba! Kuhusu mimi hakuwaambia neno baya. Aliwaambia tu kuna kazi ya hewa upande wa pili wa ukuta, wasiipe mgongo.
Cherehani ya mwisho niliibeba mimi. Nikamwambia, mama, tuanze kesho. Kundi nimelipigia simu kuahirisha. Wamenuna.

Ijumaa, 8 Machi
Siku mbili kompresa, mashine yetu ya kushindilia hewa, imezimwa. Mama anafungua valvu unywele kwa unywele, huku amesimama ubavuni, kamwe si mbele ya mdomo. Pumzi alitaka kuharakisha. Akamwondoa mkono polepole: "Ng'ombe mkali humkamui kwa pupa, baba." Chuma kikawa baridi, kikatoka jasho. Anakisikiliza. Kweli anakisikiliza! Mlio ukibadilika tu, anajua geji imefika wapi kabla sijasoma.
Leo jioni tukafungua shingo ya mtungi wa kwanza, ukiwa mtupu kabisa. Tukauinamisha. Yakatoka maji. Ya kahawia, karibu kikombe kizima. Tukamulika kwa tochi — ndani mashimo ya kutu kama uso wa mwenye ndui. Pumzi akakaa chini. Ana watoto wanne, na kila siku anasimama hatua mbili kutoka hapo.
Mimi nilitegemea kelele. Mama akauliza tu kichujio cha kompresa, kile kinachozuia unyevu, kilibadilishwa lini. Safari hii nikasema kweli: sikumbuki.
"Maji hayana haraka," akasema. "Sisi ndio tuna haraka."
Mke wangu ananiambia ndivyo alivyokuwa kiwandani. Mameneja walimwogopa, vibarua walimpenda.

Jumamosi, 9 Machi
Saa tano asubuhi. Naandikia ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za duka la viatu.
Mtungi wa tatu umeisha salama. Wa nne umekataa. Valvu inazunguka, hewa haitoki. Geji inasema mia mbili themanini. Mama akazunguka nyuma na tochi, akakuta palipopaswa kuwa na valvu ya usalama pana bolti.
"Nani aliziba hapa?"
Ni mimi. Mwaka jana. Ilikuwa inapiga mluzi, wateja wanalalamika.
Pumzi akanitazama, kisha akasema, "Mimi, mama."
Eti ananifichia!
"Ulipoifunga, ilishika mizunguko mingapi?"
"Yote, mama. Hadi mwisho."
Pumzi hajui. Hakuwepo. Ilishika miwili tu, haikuwa saizi yake, nikailazimisha kwa spana. Bolti ile inaelekea palepale anapotaka kusimama aikague valvu. Inaweza kuchomoka kama risasi.
Ametutoa wote nje. Barabara imefungwa kwa mabenchi ya mafundi cherehani. Anakunywa maji, anapumzisha miguu. Pumzi ananikodolea macho. Mama mkwe yule! Wiki nzima ananifunika, na mimi namwacha aingie na uongo wangu.
Nikisema, atajua mimi ni mtu wa namna gani. Mbele ya mafundi, mbele ya Pumzi, mbele ya mtaa mzima.
Amerudisha kikombe. Anajifunga kitambaa kichwani. Ameinuka —