Chumvi kwa Kiganja

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Damasi, kapita tena. Anasaka walanguzi! Kaingia jikoni kwenye hoteli yangu, kapekua mpaka unga wa mandazi. Kilo zangu tatu za sukari hakuziona. Kilo tatu ni vikombe mia tatu vya chai. Huo ndio uhujumu uchumi. Nilianza na birika moja, hakuna aliyenichangia hata mfuniko.

Jumanne, 12 Aprili
Theodori, mtoto wa Balozi, hajatimiza mwaka. Anaharisha tangu jana. Mke wa Balozi, Mama Rosa, kanisimulia bombani: mume kakataza maji. Eti yanaingia juu yanatoka chini, ya nini? Kwa akili hiyo, mtungi ukivuja, dawa yake ni kuuacha mkavu.

Jumatano, 13 Aprili
Zahanati hakuna paketi za dawa ya kuharisha, hakuna dripu. Nesi Xaveria kamwambia Mama Rosa achanganye nyumbani: maji yaliyochemshwa chupa tatu za soda, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko. Sukari ndiyo inayoivusha chumvi, na maji yanafuata, yakae mwilini. Duka la ushirika sukari hakuna. Balozi kasema basi chumvi peke yake itatosha — na kapima kwa kiganja, kama anavyowapa ndama wake! Mtoto kalia kiu mpaka sauti imekauka. Nyumba kumi anaziongoza, mtoto na ndama hajui kutofautisha.

Alhamisi, 14 Aprili
Asubuhi Mama Rosa mlangoni, macho mekundu.
"Shikamoo, Mama Alois. Sikuulizi iko wapi. Nipe tu."
Nimemwinua kuku anayeatamia, nimechota sukari kwenye karatasi, nimekwenda naye.

Mtoto! Utosi umebonyea. Macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta, inabaki imesimama. Analia bila machozi. Nimechanganya, nimeonja — Nesi kasema isizidi chumvi ya machozi. Kijiko, kijiko. Akitapika tunangoja kidogo, tunaendelea.

Balozi kaingia. Kaona karatasi.
"Sukari hii imetoka wapi?"
Mkewe hakugeuka. "Baba Rosa, mtoto anakunywa."
Kavuta kigoda, kakaa! Mwenye hotuba hata msibani.

Sasa saa nane. Mchanganyiko unakwisha na Theodori hajakojoa. Sukari nyingine inatakiwa. Nimeinuka niifuate, Balozi kanizuia.
"Kaa na mtoto. Nitaifuata mwenyewe. Iko wapi?"
Mama Rosa kanitazama. Nimesema. Chini ya kuku mwekundu, nyuma ya hoteli.
"Yote?"
"Yote, Balozi."

Katoka, kavaa na kofia ya chama. Mama Rosa ameshika kijiko, mimi niko mlangoni naandika. Kwangu na ofisi ya kata, wanakopelekwa walanguzi, ni njia moja mpaka mashine ya kusaga. Pale zinaachana.

Ameifikia mashine. Amesimama.