Mise à jour ya Josias

Mignonne, usilale kwanza. Mashini ya papa, ile ordinateur yake, ilinipatisha haya leo mbele ya classe yote.

Nilikuwa mu exposé, juu ya barrage ya maji ya Nzilo. Unajua vile mi naogopa kusema mbele ya batu. Sauti ilikuwa inaanza tu kutoka, njo écran ikakuwa bleu. Bleu yote.

Naizima, naiwasha, inarudia bleu. Ni ile mise à jour, programu mupya ya mashini, yenye Sadrack wa secrétariat alinitilia mu flash, juu megas ya internet iko bei. Niliiweka jana, leo mashini ikakufa.

Sasa sikia Josias. Anasimama, anasema: « Madame, mashini yake inaogopa batu sawa ye mwenyewe. »

Inaogopa batu. Mignonne, hata Madame aliseka. Akanipa zéro, asema nikae.

Inaogopa batu!

Kiisha masomo, ule ule Josias ananifuata ku njia ya Musonoi. « Chancelle, mudogo yangu, Sadrack anasema uko na mise à jour mupya mu flash. Unipe kidogo. Kesho njo exposé yangu, nataka mashini yetu ikimbie. »

Ye anafikiri mashini ya papa ilikufa juu ya uzee.

Nilitaka kumuambia, naapa. Neno ilifika mpaka ku meno.

Lakini si bao bote banasemaka mi sijui kusema? Nikamupa flash, nikanyamaza.