Nusu ya Mtumbwi Wako

Papa,

Nimechoka. Ningeanza na salamu kama ulivyonifundisha, lakini wewe mwenyewe uliondoka bila kuaga, pale hospitali Mbarara, nikiwa nimetoka kidogo kukutafutia uji. Basi salamu tuziache.

Mtumbwi wako haukuchomwa. Najua ungeuliza hilo hata kabla ya habari za Mama. Ya wengine ilichomwa mingi. Askari wa ziwa walikuja na kamba ya kupimia, wakasema, "Hii boti fupi. Serikali hapana taka." Fupi, eti! Mtumbwi uliotulisha sisi sote na shangazi juu yake. Tukauficha kwenye mafunjo, tukashinda na njaa tukiulinda.

Serikali inasema mitumbwi mifupi ndiyo inamaliza samaki. Wewe ulisema ni nyavu za macho madogo, na ukamtaja mtu: Bahati, jirani yetu. Tangu umwone akiopoa samaki wachanga wa ngege, hukumpa mkono tena, hata kanisani. "Ule mutu anakula mbegu," ulisema.

Sasa usikasirike. Mtumbwi wa Bahati nao ulikuwa mfupi. Fundi wa Rwekubo akatuambia miwili inaweza kukatwa na kuunganishwa, ukatoka mmoja mrefu wa kukubalika. Nilikataa. Mama akaniambia, "Papa yako hakule tena. Batoto banakula." Nikakubali. Nikamwekea Bahati sharti moja tu: tutavua kwa nyavu zako za macho makubwa.

Siku ya msumeno nilishikilia ubao wako wa kukalia, nikalia mpaka fundi akaona haya. Nusu ya mbele ni wewe, ya nyuma ni Bahati. Askari wakapima, wakaondoka.

Samaki wenyewe ni wachache, Papa. Nakaanga nilichopata, napeleka sokoni Rwekubo, narudi miguu imevimba. Usiniulize kama sheria hii ni nzuri. Sijui.

Jana Bahati alisukuma wavu wake wa zamani wa macho madogo chini ya kiti, akidhani sioni. Nikauvuta, nikautupa matopeni mbele ya watu wote. Aliinamisha kichwa, akapanda kwenda kukaa nyuma.

Pumzika, Papa. Nilichomwambia yeye ndicho ninachokuahidi wewe: siku ule wavu ukirudi, namwita fundi na msumeno wake. Nusu yetu narudi nayo nyumbani, fupi hivyo hivyo, na wakija kuichoma, waichome.

Binti yako,
Neema