Mlango wa Kabati la Mella

Mjukuu wangu Nabwire,

Nakusalimu kutoka Busia. Huku tu wazima. Mama yako ameanika muhogo uani, na goti langu limetulia.

Umeuliza kwa nini mwalimu wako wa useremala anakulazimisha kubandika vinia, ile ngozi nyembamba ya mtiki, hata upande wa ndani wa mlango wa kabati. Nani atauona? Hata mimi niliuliza hivyo.

Nilikuwa msichana kwenye karakana ya kaka yangu Wandera. Yeye alikata mbao. Mimi nilipaka gundi na kukandamiza vinia kwa pasi ya mkaa. Mama mmoja kutoka kijiji cha Mella akaagiza kabati la harusi ya bintiye. Nikabandika mtiki nje tu. Uling'aa, nami nikajisifu!

Mvua zikaanza. Mama yule akarudi, mlango umefungwa nyuma ya baiskeli ya boda boda, umepinda.

"Mwanangu, haufungiki. Na harusi ni Jumamosi."

Nililia. Wandera hakunigombeza. Alinishikisha ule upande mtupu, nikausikia umelowa unyevu na kuvimba, ilhali upande wa mtiki u mkavu.

"Nje umeuvalisha, ndani umeuacha uchi," akasema.

Tukatengeneza mwingine, mtiki pande zote mbili, ukafika Mella Ijumaa. Ule uliopinda niliuomba, nikaufanya meza. Ndio ninaoandikia juu yake sasa. Kalamu nikiiweka hubiringika hadi katikati.

Kwa hiyo ukiona mistari yangu inateremka, usidhani ni uzee. Ni kazi ya mikono yangu.

Nyanya yako